Maisha Yangu Kati ya Karatasi za Leta

Kazi iliyonilisha tangu ujana ni kuwatafutia watu karatasi za Leta, yaani za dola: sheria, amri, ripoti za tume za bunge, kumbukumbu za mijadala. Nimeifanya Baraka na Fizi, katika Kivu Kusini nchini Kongo, mahali ambapo ugomvi wa ardhi, wa mipaka na wa uraia hujengwa juu ya maandishi ambayo wengi wa wagomvi hawajayatia machoni. Kazi hiyo imeniachia hoja moja ninayoitetea hapa: kuishika karatasi ya Leta mkononi si kuipata. Imepatikana pale tu inapojulikana ilitolewa na nani, ilitokana na mjadala gani, na nini kilikuja baadaye kuibadilisha au kuifuta. Mkutubi anayetoa karatasi moja bila wenzake amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo yaweza kuleta madhara.

Msomaji huja na jambo lake: shamba, mpaka, uraia. Vitabu hupangwa kwa mambo, lakini Leta huyapanga maandishi yake kwa mamlaka iliyotia sahihi, kwa namba na kwa tarehe. Ndiyo maana swali langu la kwanza limekuwa mwaka, na la pili mamlaka: ni Bunge, Rais, Waziri Mkuu, waziri au gavana? Mwaka huonyesha rafu ya kwenda: Bulletin officiel kwa enzi za Mfalme Leopold na za Wabelgiji, Moniteur congolais baada ya uhuru wa 1960, kisha Journal officiel. Sheria ikipatikana, tarehe yake huongoza hadi kwenye kikao kilichoipitisha, maana Katiba ya 2006 imeagiza muhtasari wa mijadala ya Bunge na Seneti uchapishwe katika annales parlementaires. Humo ndimo zinamosomeka sababu ambazo sheria yenyewe haizisemi.

Ushahidi wa hoja yangu uko karibu. Amri ya Waziri Mkuu ya mwaka 2013 iliyoipa Baraka hadhi ya mji ndiyo hiyohiyo iliyoipa Minembwe, kwenye milima ya Fizi, hadhi ya komine, kitengo cha utawala wa mitaa. Tarehe 28 Septemba 2020 viongozi wa komine hiyo wakasimikwa. Mwezi uliofuata Rais Tshisekedi akatangaza kuliweka jambo hilo kando. Aliyesoma amri ya 2013 peke yake ataapa kwamba komine ipo. Aliyesikia tangazo la 2020 peke yake ataapa kwamba haikuwahi kuwapo. Tena asiyejua kwamba Baraka na Minembwe zimo katika amri moja anaweza kuisifu na kuilaani siku hiyohiyo. Ni vivyo hivyo kwa uraia. Azimio la bunge la mpito la tarehe 28 Aprili 1995, lililofuata ripoti ya tume iliyoongozwa na Vangu Mambweni, bado hutajwa kama neno la mwisho dhidi ya uraia wa jamii ya Wanyamulenge. Lakini sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 ndiyo iliyokuja kupanga uraia upya, ikitambua kuwa Wakongomani wa asili watu wa makabila yaliyokuwa sehemu ya nchi wakati wa uhuru. Anayeleta azimio la 1995 bila sheria ya 2004 anawasomea watu barua iliyokwisha kujibiwa.

Wakati mwingine jibu la maktaba ni kwamba karatasi haipo, na hilo nalo ni jibu zito. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 iliahidi, katika kifungu cha 389, kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanazokaa zitapangwa kwa agizo la Rais. Miongo ikapita bila agizo hilo kutoka. Mkulima wa sekta ya Mutambala au ya Lulenge, hapa Fizi, anayeambiwa kwamba kuna karatasi inayomnyima shamba la mababu anastahili kujua kwamba Leta yenyewe iliacha pengo hapo.

Wapo wanaosema simu imemaliza kazi yetu. Kweli, sheria nyingi husomeka leo kwenye intaneti, nami nimeitumia kwa shukrani. Lakini ripoti za tume na mijadala ni haba huko, na maandishi yanayozunguka kwenye WhatsApp mara nyingi hufika bila namba, bila sahihi, bila ukurasa wa mwisho. Wengine husema haya yote ni Kifaransa, hayamhusu mwananchi. Lakini Katiba ya 2006 imeiagiza serikali kuisambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, ndani ya siku 60 tangu itiwe sahihi; agizo lisipotimizwa, mkutubi ana sababu zaidi ya kueleza kwa Kiswahili, si ya kufunga kabati.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba Leta nayo husema uongo, na kwamba ripoti kama ile ya 1995 ni silaha isiyofaa kutolewa. Nakubali kwamba karatasi ya Leta si ukweli mtupu. Ni ushahidi wa nani alisema nini, lini, na kwa mamlaka gani. Kuificha hakuivunji makali, kwa sababu anayeijua kwa uvumi huiongezea maneno ambayo haikuwa nayo. Tena kuficha huwafaa wachache: ripoti ya tume ya bunge ya Lutundula, iliyochunguza mikataba ya wakati wa vita vya Kongo na kumalizika 2005, ilikaa miezi kabla ya kuufikia umma. Muda huo uliwafaa waliotajwa ndani yake kuliko raia waliopoteza mali ya nchi.

Kwa hiyo ninawaomba wanaoshika kazi hii waandike kwa kila karatasi mamlaka iliyoitoa, namba na tarehe yake, ilipochapishwa, na kilichoifuata. Zilizotafutwa zikakosekana ziandikwe pia. Maktaba haitaumaliza ugomvi wa Fizi, maana mengi yake hayako kwenye karatasi. Lakini yanayodaiwa kuwa kwenye karatasi yanaweza kuhakikiwa, na pande zote zina haki ya kupewa kurasa zilezile.