Mikanda Saba ya Motokaa ya Marehemu Mwalimu

Watu wengi waonapo motokaa ya zamani iliyosuguliwa hata ikang'aa, husema, "Ama hii imetunzwa vyema!" Hatuwacheki, maana sisi wenyewe tulisema hivyo miaka mingi juu ya motokaa moja ya hapa kwetu. Mwaka jana tuliifungua mikanda yake ya ubavuni kwa mikono yetu, ndipo tulipojua ya kuwa mahali palipong'aa ndipo palipoanza kuoza. Twaona ni vema kuwaeleza wasomaji habari hiyo, pamoja na kosa tulilolifanya, ili atakayeshika kazi kama hii asilirudie.

Sisi ni walimu watatu wa Ruhembe, katika wilaya ya Kilosa, kusini ya Mikumi, nchi ya mashamba ya miwa. Wote watatu tulifundishwa kusoma na mwalimu mmoja, naye sasa ni marehemu. Mwaka 1971 alinunua Volkswagen iliyotengenezwa mwaka 1966, ile yenye mgongo wa mviringo kama kobe, na injini yake iko nyuma. Kwa motokaa hiyo alichukua wagonjwa, akapeleka karatasi za mitihani, akaleta chaki na vitabu kutoka Kilosa. Alipofariki ikakaa bandani miaka sita. Wenyeji wa huku wajua jinsi mashamba yachomwapo moto kabla ya miwa kukatwa: masizi meusi huruka hewani, yakashuka juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya kila kitu. Motokaa nayo ikapata fungu lake kila mavuno.

Siku moja mjane wake akatuita, akasema, "Wanangu, mjukuu wangu ataolewa baada ya miezi miwili. Nataka aende kanisani kwa motokaa ya babu yake. Itengenezeni, ipakwe rangi." Tukakubali mara moja, maana deni la mwalimu halilipiki kwa fedha.

Motokaa za namna hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Zilianza kutengenezwa kwa wingi katika mji wa Wolfsburg, Ujerumani, mwisho wa mwaka 1945, na ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani huko Meksiko mwaka 2003, zikiwa zimepita 21,000,000 jumla yake. Yalipoanzishwa mashindano makubwa ya motokaa ya Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1953, Volkswagen ndiyo iliyoshinda. Ikashinda tena mwaka 1954, na 1957, na 1962. Wazee walioziona zikipita katika matope wakaziamini. Walakini matope hayamsamehe mtu, wala chuma.

Sasa tueleze mikanda yenyewe. Volkswagen ya namna ile ina mikanda saba membamba ya kung'aa: mmoja katikati ya boneti, na mitatu kila upande, yaani mmoja mbele ya mlango, mmoja juu ya mlango, na mmoja nyuma yake. Iko na mingine miwili kwenye vikanyagio. Kazi yake ni pambo tu. Motokaa yaweza kwenda pasipo hiyo. Tulidhani yote ni chuma kilichopakwa nikeli, lakini fundi wetu wa bodi, mtu wa Mikumi, akatoa sumaku mfukoni. Akaiweka juu ya bampa, ikanasa. Akaiweka juu ya mkanda, ikaanguka. Akasema, "Walimu, bampa ni chuma, juu yake imetiwa nikeli, na juu ya nikeli kromu. Mikanda hii ni alumini, ni laini. Bampa ukiligonga litakusamehe, bali mkanda ukiukunja, utakumbuka siku zote." Maneno hayo tuliyasikia kwa masikio, lakini hayakufika moyoni.

Fundi akatuonyesha njia mbili. Ya kwanza ni fupi: kuacha mikanda mahali pake, kuizungushia karatasi ya gundi, kupiga rangi, na kubandua karatasi. Kazi hiyo ni ya siku chache. Ya pili ni ndefu: kufungua mikanda yote, kutazama chini yake, kutengeneza palipoharibika, kupiga rangi, kungoja ikauke, kisha kuirudisha. Mwenzetu mmoja akapenda njia fupi, akisema, "Siku ya arusi nani atachungulia chini ya mkanda?" Fundi akamwambia, "Mtu hatachungulia, lakini maji yamekwisha kuchungulia." Akatuonyesha ukingo wa mkanda wa mlango: rangi nyeupe ilikuwa imepanda juu ya alumini na kumenyeka kama ganda la yai. Ndipo tulipotambua ya kuwa aliyeipaka rangi mara ya mwisho alifuata njia fupi. Basi tukachagua ndefu.

Namna ya kuifungua ni hii. Nyuma ya kila mkanda mna vishikizo vidogo vya chuma, ambavyo mafundi huviita klipu, navyo vimeingia katika matundu ya bodi kwa nguvu ya kunyumbuka. Klipu yapasa kukaa ndani ya kipira chake, ili maji yasipite tunduni na chuma kisikwaruze rangi. Mtu asichokoe mkanda kwa bisibisi tupu. Achonge kabari ya mti laini, aifunge kitambaa, aanzie mwisho mmoja, akaribie klipu ya kwanza, aiinue kidogo kidogo mpaka itoke. Ndipo aende kwa ya pili. Asivute mkanda kwa kuushika mwisho ulio huru, maana utapindika pale ulipozuiwa. Klipu iliyoshikwa na kutu huminywa kutoka ndani kwa koleo. Kwa mikanda ya milangoni, yafaa kwanza kutoa ubao wa ndani wa mlango, ili mkono upate njia. Tena, kabla ya kugusa lolote, apime kila mkanda umbali wake kutoka ukingoni, aandike.

Siku ya kwanza fundi alikuwapo, tukafungua mitano salama. Siku ya pili alikwenda kwao kwa shughuli zake, akatuagiza tusiguse kitu. Lakini wingu likatanda upande wa milima, na banda letu lavuja. Tukasema, "Imebaki miwili tu." Ule wa nyuma ukatoka vizuri, tukajiona mafundi. Tulipofika mlango wa dereva, klipu ya katikati ikakataa. Hatukutoa ubao wa mlango. Kabari haikuonekana, mmoja wetu akatwaa bisibisi, nasi wawili tukamtazama wala hatukumzuia. Mkanda ukalia, ukajikunja katikati kama jani la muhindi. Mvua yenyewe haikunyesha.

Hapo tukafanya jambo la aibu kuliko kukunja mkanda. Tulikubaliana tusimwambie Mama. Tukaufunga ndani ya gunia, tukanena kwamba fundi atanunua mwingine, kwa kuwa mikanda mipya ya namna hii hutengenezwa hata leo ng'ambo, nasi tutachanga fedha. Sisi ndio tunaowachapa watoto kwa maneno kila siku juu ya kusema kweli! Jioni hiyo hatukutazamana usoni.

Fundi aliporudi hakutugombeza. Alituita tutazame kilichokuwa chini ya mikanda. Tuliona mambo mawili. La kwanza lilikuwa kutu. Masizi, vumbi na majani makavu yalikuwa yamejaa nyuma ya alumini, yakashika unyevu wa masika mengi. Vipira vingi vilikuwa vimekatika, na klipu zilikuwa zimekwaruza rangi. Palipogusana alumini na chuma katika maji, alumini ilitoa unga mweupe, na chuma kikaliwa hata tundu la klipu likawa pana kama kidole. Matundu manne ya mlango wa dereva yalikuwa hivyo. Kumbe mkanda tulioukunja ulikuwa umeshikwa na kutu yenyewe!

La pili lilikuwa mstari wa rangi ya samawati, upana wa mkanda, safi kama siku ilipopakwa. Motokaa tuliyoijua miaka yote ilikuwa nyeupe. Mama alipokuja kuleta uji akauona mstari ule, akasimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Hii ndiyo rangi yake tulipokuja nayo mara ya kwanza." Akauliza, "Na mkanda wa hapa uko wapi?"

Tukanyamaza. Kisha mkubwa wetu akaleta gunia, akautoa mkanda, akasema, "Mama, tumeuharibu. Tulikuwa na haraka, tukakufichia." Alidhani atalia, nasi tulidhani hivyo. Yeye akauchukua, akaugeuza nyuma, akaupeleka kwenye mwanga. Nyuma yake ilikwaruzwa tarakimu kwa ncha ya msumari: 6. Tuliijua mara moja sita ile yenye shingo ndefu. Tuliifuata mara elfu kwenye ubao mweusi tukiwa watoto. Tukaikimbilia mikanda mingine, tukaifuta masizi: 1 wa boneti, 2, 3, 4 ya kushoto, 5 na 7 ya kulia. Marehemu alikuwa ameifungua yote zamani, akaihesabu, ili kila mmoja urudi mahali pake.

Mama akapitisha kidole karibu na mkunjo wetu, akatuonyesha mkunjo mwingine, wa kale, ulionyoshwa hata hauonekani ila kwa kutafuta. Akasema, "Huu ni wake. Mwaka 1974 alitaka kuifungua asubuhi moja kabla ya kengele ya shule. Aliukunja, akaja jikoni na mkanda mkononi, akaniambia, 'Mama nanii, nimekosa.' Akaunyosha siku tatu juu ya gogo. Nanyi unyosheni. Mpya siutaki."

Basi tukaunyosha. Fundi akachonga mti wenye umbo la tumbo la mkanda, akaulaza juu yake, akagonga kwa nyundo ya mpira, polepole, kutoka pembeni kuelekea katikati. Hatukuusugua kwa waya, maana mikanda hii ina ngozi ngumu nyembamba iliyotiwa kiwandani kwa umeme, nayo ikikwaruzwa hairudi. Tuliiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, tukaipangusa kwa kitambaa. Mkunjo wetu haukuisha. Ukitazama kwa ubavu jua linapoinama, utauona.

Mlangoni, fundi alikata chuma kilichooza, akachomea viraka, akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha puti kidogo, kisha rangi ya samawati. Matundu yakatobolewa upya kwa vipimo tulivyoviandika. Tundu likikosewa hata kwa upana wa punje ya mtama, mkanda hauendi mstari mmoja na mwenzake, na jicho la mtu hulitambua kosa kabla hajajua ni nini. Ukingo wa kila tundu ukapakwa rangi kwa brashi ndogo, maana chuma kilichotobolewa ni kidonda kibichi. Tuliingoja rangi ikauke siku kumi, ingawa mwenye arusi alituma watu kila siku kuuliza.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua. Vipira vipya vilitiwa katika matundu, klipu mpya zilitelezeshwa nyuma ya mkanda, kila moja ikaelekezwa kwenye tundu lake, kisha tukabana kwa kiganja, si kwa nyundo, toka mwisho mmoja hata wa pili, mpaka tukasikia kila klipu ikisema "ta." Tulianza na namba 1 tukamaliza na 7, kama alivyotuandikia. Ilikuwa kana kwamba tumesimama tena mbele ya ubao, naye nyuma yetu akitazama kama twapanga hesabu sawasawa.

Siku ya arusi bibi arusi alipanda, na bibi yake akaketi kando yake. Watu wakasema, "Ama hii imetunzwa vyema!" Mama akatutazama, akatabasamu, wala hakusema neno. Alipofungua mlango kushuka alipitisha mkono juu ya mkanda wa sita, pale palipopindika, kama mtu agusavyo kovu analolijua.

Ndugu wasomaji, mwenye motokaa, au baiskeli, au mlango wenye pambo la bati, yafaa aifungue mara moja kwa miaka kadhaa atazame nyuma yake, maana maji hayangoji ruhusa. Afanye siku isiyo na haraka, kwa kabari ya mti. Na akikunja kitu cha mwenziwe, akipeleke jikoni siku ile ile.