Shahidi Asiyekuwapo

Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mwaka jana nilipokuwa Kidato cha Pili, na jinsi nilivyofumbuliwa macho na kitu kilicho kidogo kuliko ukucha wa kidole. Sisimulii ili nisifiwe, maana hamna sifa ndani yake.

Katika chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Njombe ilikuwamo kompyuta moja iliyokuwa ikizimika ghafla. Ukiiwasha hufanya kazi dakika kumi, kisha giza. Umeme upo, taa zawaka, kompyuta nyingine zaendelea, lakini hiyo imekufa. Nami nalikuwa kiranja wa chumba hicho. Mwalimu alipouliza ni nani aliyeiharibu, nikasimama mbele ya darasa nikamtaja rafiki yangu, kwa sababu nilisikia kuwa yeye ndiye aliyeitumia mwisho. Sikumwona akifanya lolote. Lakini nalisema kwa sauti kubwa, na mwenye sauti kubwa husadikiwa. Rafiki yangu akakatazwa kuingia chumba kile mpaka mwisho wa muhula. Hakunijibu neno. Tangu siku ile tukawa twapishana kwenye mstari wa chakula kama watu wasiojuana.

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, nalikwenda Makambako, kiasi cha kilometa 60 toka hapa, kwa mjomba wangu ambaye hutengeneza kompyuta. Kibanda chake kipo karibu na barabara kuu iendayo Zambia, na upepo wa Makambako hupiga mabati yake mchana kutwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitika, "Marahaba, mjomba. Habari za Njombe na baridi yake?" Nikampa habari zote, na ya kompyuta ile pia. Akaniuliza, "Je, mliiuliza kompyuta yenyewe?" Nikacheka, nikidhani anatania.

Hakutania. Akafungua kompyuta moja mezani pake, akanionyesha ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi. "Juu ya ubao huu," akasema, "ipo chipu ipimayo joto, mizunguko ya feni na nguvu za umeme. Ni kama geji ya joto aitazamayo dereva wa lori apandapo mlima. Lakini chipu hii haisemi lugha ya watu. Huweka namba zake katika vijumba vidogo, na kila kiwanda kina mpango wake wa vijumba hivyo. Kwa hiyo anatakiwa mkalimani."

Mkalimani huyo ni programu iitwayo kiendeshi, nayo hukaa ndani ya kerneli, yaani kile kiini cha programu kiitawalacho kompyuta yote. Mjomba hutumia Linux, ambayo Linus Torvalds wa Finland aliianza mwaka 1991. Kila aina ya chipu huhitaji mkalimani aijuaye, kama vile mzee asemaye Kibena tu akifika barazani, mkalimani wa Kimasai hatamfaa. Frodo Looijaard ni mmoja wa watu walioandika viendeshi vya mwanzo vya kazi hii, mwaka 1998 na 1999. Kimoja chaitwa lm78, kwa jina la chipu yenyewe. Maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, na mjomba alinionyesha jina la mwandishi pale juu.

Kisha akaandika neno moja tu, sensors, na namba zikajipanga. Akanifundisha kuwa kiendeshi hutoa joto kwa sehemu za elfu: 45000 maana yake ni nyuzi 45 za Selsiasi. Umeme nao hutolewa kwa sehemu za elfu za volti, na feni kwa mizunguko ya dakika moja. Mara nikaona mstari mmoja umeandikwa nyuzi 128 chini ya sifuri. Nikashtuka. "Mjomba, hapa pameganda kuliko Njombe!"

Akatabasamu. "Hapo hapana kipimo. Chipu hii ina miguu mitatu ya kupimia joto, lakini kiwanda kiliunganisha miwili tu. Wa tatu haukuunganishwa na kitu, ila ukiulizwa, hujibu. Mkalimani naye hufasiri kwa uaminifu alichoambiwa. Huyo ni shahidi asiyekuwapo. Usisadiki namba mpaka ujue imetoka wapi, na ukiisha kujua, fungua sanduku ukaone kwa macho."

Maneno yale yalinichoma. Usiku ule sikulala upesi. Nalijiona kuwa mimi ndiye mguu ule usiounganishwa: sikuwapo, sikuona, lakini nilipoulizwa nalijibu.

Shule ilipofunguliwa, nikamwomba mwalimu ruhusa. Kwa flashi niliyopewa na mjomba tukaiwasha kompyuta ile kwa Linux. Joto la prosesa lilianza nyuzi 60, likapanda 75, 90, 97, kisha kompyuta ikajizima. Feni yake ilikuwa imeonyesha 0. Hapo nikakumbuka onyo la mjomba: sifuri yaweza kuwa feni imesimama, na yaweza kuwa waya wake haukuchomekwa. Tukafungua sanduku. Waya ulikuwa umechomekwa barabara. Feni ndiyo iliyokwama kwa vumbi jekundu la kiangazi, limeshikamana kama udongo wa kukandikia ukuta. Kumbe kompyuta ilikuwa ikijizima ili isiungue! Nani angalidhani kuwa kitu chaweza kuzidiwa na joto Njombe mwezi wa saba, na sisi wenyewe tumevaa masweta mawili? Tukaisafisha, feni ikazunguka mara 1,400 kwa dakika, joto likatulia kwenye nyuzi 48, na kompyuta ikafanya kazi mpaka kengele ya chakula.

Vumbi lile halikuletwa na rafiki yangu. Tena kazi ya kufagia na kufuta vumbi chumbani mle ilikuwa ya nani? Ilikuwa yangu, kiranja.

Basi nikasimama tena mbele ya darasa lile lile, nikasema kwa sauti ile ile kubwa kuwa nalishuhudia jambo nisiloliona, nikawaeleza na habari ya ule mguu wa tatu. Rafiki yangu alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hiyo namba ya chini ya sifuri, hata mimi naweza kuiona?" Tukaketi pamoja mbele ya kompyuta.

Sasa yeye ndiye kiranja wa chumba, nami ni msaidizi wake. Kila Ijumaa twasoma joto la kila kompyuta na kuliandika katika daftari, na penye namba ya ajabu twafungua sanduku kwanza. Ndugu wanafunzi, mkiulizwa habari ya mwenzenu, nanyi hamkuwapo, semeni, "Sikuwapo." Ni neno fupi, nami laiti ningalilisema siku ile.