Nyigu wa Sentimita Kumi na Nne

Watu wakisikia natengeneza vigari vya plastiki wanacheka, halafu wanauliza kama nina mtoto. Sina. Na gari lenyewe si la mtoto. Ni mzinga wa Kijerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, jina lake Wespe, yaani nyigu. Kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano unaenea kiganjani: urefu wake haufiki sentimita 14. Lile la kweli lilikuwa na urefu wa mita 4.8 na uzito wa tani 11 hivi.

Wespe ni kitu cha kuungaunga, na labda ndiyo maana nilikipenda. Wajerumani walikuwa na kifaru kidogo, Panzer II, ambacho kufikia mwaka 1942 kilikuwa hakifui dafu tena mbele ya vifaru vya Warusi. Lakini chesisi yake bado ilikuwa nzima. Wakaisogeza injini katikati, na nyuma wakapachika mzinga wa milimita 105, aina ileile ambayo mingi ilikuwa ikikokotwa na farasi. Juu wakaacha wazi, kama pikapu. Bati la kuwakinga wapigaji lilikuwa na unene wa milimita 10 tu. Yalitengenezwa magari 676 kati ya 1943 na 1944, katika kiwanda kilichokuwa Warsaw, mji wa Wapolandi uliokuwa umekaliwa na jeshi hilohilo.

Kuunganisha vipande ni kazi ya gundi na subira, sitawachosha nayo. Utamu unaanza ukishapiga rangi, pale unapoanza kuiharibu.

Mjomba wangu ni fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi, pale Gerezani. Yeye miaka yote anachukua mkweche anaufanya mpya. Mimi nachukua kipya nakifanya mkweche. Siku ya kwanza kuniona na brashi alitikisa kichwa, akasema: "Mjomba, wewe unanifungia ofisi!" Lakini alivuta kigoda akakaa, na mengi ninayojua kuhusu uchakavu nimeyapata kwake. "Kutu haishuki kutoka mbinguni," aliniambia. "Ina mlango wake." Inaingilia kwenye maungio, mahali palipochomelewa, palipogongwa na jiwe, au chini ya tope lililokaa likashika maji. Ekzosi inatangulia kuliko vyote kwa sababu moto unaunguza rangi.

Hapo ndipo nagombana na wenzangu wengi wa kazi hii. Wanapaka kutu kila mahali, gari linaonekana kama limeopolewa baharini. Jamani, hesabu rahisi tu: Wespe la kwanza lilitoka 1943, vita vya Ulaya vikaisha Mei 1945. Hakuna hata moja lililopata muda wa kuzeeka jeshini. Liligongwa, lilichubuka, lilichafuka, likafa kijana.

Kwa hiyo mimi naanza na prima ya rangi ya matofali, kama chuma chenyewe kilivyopakwa kiwandani. Ikikauka napuliza dawa ya nywele, ile ile ya dada anayoshikiza mtindo. Juu yake rangi ya maji: manjano iliyokolea, maana kuanzia Februari 1943 ndiyo iliyokuwa rangi rasmi ya magari yao. Mabaka ya kijani na kahawia walipaka askari wenyewe, kwa rangi nzito ya kopo iliyozimuliwa kwa maji au petroli, kwa hiyo si rahisi kukuta magari mawili yanayofanana. Halafu nalowesha brashi ngumu, nasugua pole pole. Maji yanapita chini, dawa ya nywele inalainika, rangi ya juu inabanduka vipande vipande na ile ya matofali inachungulia. Ni uchawi kabisa. Kwenye minyororo, pale chuma kinapokutana na ardhi, nasugua unga wa penseli mpaka ing'ae.

Vumbi nalo lina kwao. Nyigu wangu yuko Kursk, Julai 1943, kiangazi, kwenye nchi ya udongo mweusi ambao ukikauka unatimka kijivujivu. Ningempaka vumbi jekundu la Dodoma ningekuwa nimemhamisha vita. Nilichota tope jeusi la bonde la Msimbazi, nikalianika, nikalitwanga, nikachanganya na udongo mweupe wa Pugu kidogo. Ukiliangalia kwa mbali huwezi kujua kuwa Kursk yenyewe imetoka Jangwani.

Nilipomaliza nilimpelekea mjomba. Alivaa miwani akaligeuza geuza.

"Hapa ukingoni nani kapachubua?"

"Askari, wakipanda na buti."

"Na hapa sakafuni?"

"Makasha ya makombora, mjomba. Yanaburuzwa."

"Sawa. Na lenyewe liliwachubua akina nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali lile limekaa kwenye meza yangu ya kazi. Maana ni kweli. Uchakavu wote ule unaeleza gari lilivyoteseka, hauelezi lilivyotesa. Mzinga ule ulirusha kombora la karibu kilo 15 umbali wa kilomita 10 na nusu. Toka hapo Gerezani, ni Ubungo na kupitiliza. Waliovuta kamba hawakuona lilikoangukia, na mimi mwenye kioo cha kukuzia pia sioni. Ile misalaba myeusi ya jeshi lao nimeibandika ubavuni, kuna rafiki alinishauri niiache. Nikiitoa nitabaki na kigari kizuri chenye vumbi, kisicho na mwenyewe.

Na mjomba hakuuliza kwa bahati mbaya. Karakana yake iko jirani na Kariakoo, mtaa uliopata jina kwa wapagazi wa Waingereza wa vita vya kwanza. Upande wa Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Meli yao ya kivita, Königsberg, ilipoangamia delta ya Rufiji Julai 1915, waliopoa mizinga yake 10, nayo ya milimita 105, ikatengenezewa magurudumu hapa Dar es Salaam. Haikupata injini kama Wespe. Ilikokotwa porini kwa kamba, na watu. Ukipita Fort Jesus, Mombasa, mmojawapo upo. Chuma kimepakwa vizuri, na hakuna pa kuonyesha mabega ya nani yalichubuka.

Nikarudi mezani. Nilichukua mrija wa shaba wa bolpeni iliyokwisha, unene wake karibu milimita 3, nikakata vipande vya milimita nne na nusu. Hayo ni maganda ya risasi za mzinga huo, kwa kipimo chake. Nimeyatoboa, nimeyapaka moshi mdomoni, nikayamwaga sakafuni na mengine nyuma ya gari, kwenye majani. Kila ganda ni kombora moja ambalo limeshafika.

Mjomba aliyahesabu kwa ncha ya bisibisi, moja moja, akafika 17. Akavua miwani, akauliza kama tina imebaki.