Sanamu za Mwembe Tayari na Vigango vya Wagiriama

Msafiri atokaye Mji wa Kale wa Mombasa, akaikata Barabara ya Digo na kushika njia iendayo magharibi, hendi mbali kabla ya kufika Mwembe Tayari. Hapa pamekuwa pakiegeshwa mabasi yaendayo bara. Hapa wapo wachuuzi, wachukuzi, na abiria wenye mizigo ya kila namna. Ukiketi saa moja tu utamwona Mwislamu atokaye kusali, Mkristo mwenye Biblia kwapani, na mzee wa Kimijikenda ambaye hahesabiwi huku wala kule. Huyu wa tatu watu wa zamani walimwita kafiri au mpagani, kana kwamba hamjui Mungu. Je, ni kweli? Neno hili lafaa kufikiriwa papo hapo Mwembe Tayari, kwa kuwa katikati ya zogo lile pana kitu kitusaidiacho kulijibu.

Kitu hicho ni sanamu za askari wa Kiafrika, zilizosimamishwa na Serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1920, ziwe ukumbusho wa askari na wapagazi waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi wale wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi, na wengi hawana makaburi yajulikanayo. Hatujapata kusikia padre wala shehe akisema kwamba serikali ile iliabudu sanamu. Kila apitaye anaelewa kwamba walio hai wamewakumbuka wafu wao.

Basi tupande gari mpaka Kaloleni, tuingie katika miji ya Wagiriama. Huko utaonyeshwa kigango, nacho ni ubao wa mti mgumu, wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu, uliosimamishwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu. Kwa kawaida mambo huanza hivi: marehemu humtokea jamaa yake ndotoni, au ugonjwa huingia mjini, kisha mganga husema kwamba mzee anadai haki yake. Ndipo hutafutwa mti, na mchongaji, na tembo la mnazi la kumwagwa chini. Kigango kikisha simama hakiondolewi. Hata jamaa wakihamia shamba jingine, chenyewe hubaki pale pale mpaka kiliwe na mchwa.

Sasa Mgiriama huyu akiomba, humtaja nani? Humtaja Mulungu aliye juu, na koma walio chini, yaani roho za wazee. Hawachanganyi hata kidogo. Wala jina hilo la Mulungu si geni kwetu, maana neno Mungu tulitumialo misikitini na makanisani latoka katika shina lile lile la lugha za Kibantu. Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia tangu zamani. Naye Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, kisha mwaka 1846 akaanza kazi Rabai pamoja na Johannes Rebmann, hakuleta jina jipya kutoka Ulaya. Mtu ambaye jina la Mungu ni la lugha yake kama lilivyo la lugha yetu, twawezaje kusema kwamba hamjui Mungu?

Walakini tusimtetee kupita kiasi. Padre ana hoja asemapo kwamba kumkumbuka babu ni jambo moja, na kumwomba babu mvua au uzima ni jambo jingine. Sanamu za Mwembe Tayari hazimwagiwi tembo, wala haziombwi kitu. Waislamu nao wamegombana juu ya jambo hili hili. Kisiwani Mombasa, huko Mbaraki, kuna nguzo ya kale ya mawe kando ya msikiti, na watu wamekuwa wakiipelekea ubani na marashi kwa ajili ya pepo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu wenzake waache mambo ya uzushi. Maneno yale hayakuwaelekea watu wa porini; yaliwaelekea watu wa mjini wenye kanzu nyeupe!

Kwa maoni yangu, aaminiye Mungu mmoja aweza kuwaheshimu wazee wake kwa ubao au kwa shaba, wala imani yake isipungue, maadamu hawaombi wao kile kilicho cha Mungu. Lakini liko jambo lisilopatana na Mungu kabisa, nalo ni hofu ya uchawi igeukayo kuwa mauaji. Katika nchi ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hata mvi zikawa kama ushahidi, na mara nyingi nyuma ya shtaka limo shamba ambalo vijana wanalitaka. Na ni nani aliyewapokea wazee waliokimbia? Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa makimbilio yao. Pahali paitwapo pa kipagani pamefanya kazi ambayo tungeitazamia kwa msikiti na kanisa. Na katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge kula mpaka kufa ili wamwone Yesu. Hawa hawakuwa na kigango wala koma.

Tukirudi kwa wafu, sanamu za Mwembe Tayari zilipewa heshima na serikali iliyozisimamisha. Vigango havikupata bahati hiyo. Vingi vimeng'olewa na vijana wenye haja ya fedha, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani, ambako vilisifiwa kuwa kazi nzuri za sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 karibu na Kaloleni vilikaa mbali na kwao zaidi ya miaka 20. Mwaka 2007 vilirudishwa Kenya, wakavipokea watu wa ukoo ule ule uliovisimamisha.