Kocha Hayupo, Ukuta Umesimama

Najua nimepotea, na walionitumia ujumbe kuuliza kama nimefukuzwa chuo, bado nipo. Masomo tu yamenikaba. Leo nataka kuwasimulia habari ya mpira, ila siyo huu wetu wa Simba na Yanga. Na mtanivumilia, maana mwisho wake nitaishia nyumbani Tanga.

Nilifika hapa Ann Arbor, Chuo Kikuu cha Michigan, Agosti 2023. Kitu cha kwanza kilichoniacha mdomo wazi ni uwanja. Uwanja wa timu ya chuo, nasema ya chuo jamani, unaingiza watu 107,601. Kwa Mkapa pale wanaingia kama 60,000, pigeni hesabu wenyewe.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kukamatana na kuangushana. Wanaoshambulia wanapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Wakishindwa, mpira unaenda kwa wenzao. Wanaozuia ni watu wengine kabisa, na wana kocha wao. Juu ya wote yupo kocha mkuu.

Basi bwana, mwaka ule timu yetu ilianza msimu bila kocha mkuu. Jim Harbaugh alisimamishwa na chuo mechi tatu za mwanzo, kulikuwa na uchunguzi wa mambo ya kusajili wachezaji. Wasaidizi wakapokezana. Mechi ya kwanza alisimamia Jesse Minter, kocha wa ulinzi. Mi nikajua tumekwisha. Matokeo yake? East Carolina waliambulia pointi 3, UNLV 7, Bowling Green 6. Mechi tatu, pointi 16 tu. Mwenzangu wa chumbani akasema afadhali kocha abaki hukohuko kwake.

Sasa nije kwangu. Nyumbani mi ni mtoto wa kwanza. Baba alipofariki, duka nililishika mimi, na nilipopata nafasi ya kuja huku nikamwachia mdogo wangu. Kumwachia ni maneno tu. Kila Jumamosi nilikuwa napiga simu: umeuza nini, mchele umebaki kilo ngapi, nani anadaiwa? Nikiona hesabu haikai sawa nafoka. Daftari la madeni lilikuwa limefika shilingi 180,000.

Septemba hiyohiyo masomo yakanielemea. Jumamosi tatu mfululizo sikupiga. Nilituma ujumbe tu kwamba niko salama. Moyoni nikawa najua nikirudi hewani nitakuta duka limebaki mbao.

Nikapiga. Deni limeshuka mpaka 60,000.

Nikamuuliza umefanyaje? Akacheka. "Kaka, si watu walikuwa wanakuja wanasema mpigie kaka yako, ananijua. Nikikupigia unasema mpe tu, huyo ni jirani. Sasa wakija nawaambia kaka hapatikani. Wanalipa."

Wadau, nilicheka naye, lakini simu ilipokatika sikucheka. Kumbe tundu la duka lilikuwa mimi! Huku nafoka madeni, huku nayaruhusu mwenyewe kwa simu. Na ukweli ni kwamba iliniuma. Nilitaka duka lipone, lakini nilitaka lipone kwa mkono wangu.

Nikajifariji. Nikasema hizo wiki tatu zilikuwa nyepesi, kama zile timu tatu ambazo hapa kila mtu alijua ni dhaifu. Subiri mechi ngumu.

Mechi ngumu zikaja. Novemba kocha akasimamishwa tena, safari hii na uongozi wa ligi, kwa kesi ya kuiba ishara za timu pinzani. Mechi tatu za mwisho, na safari hii ndani yake wamo Penn State na Ohio State. Penn State walifungwa 24 kwa 15, Maryland 31 kwa 24. Mnaona pointi za wapinzani zilivyopanda? Ukuta ulikuwa unagongwa kwelikweli sasa.

Novemba 25 wakaja Ohio State, watani wetu. Mechi saa sita mchana, Tanga ni saa mbili usiku. Tunaongoza 30 kwa 24, wao wana mpira, dakika ya mwisho, wanakuja. Nilishindwa kutazama. Zikiwa zimebaki sekunde 25, Rod Moore, mlinzi, akaidaka pasi yao. Imeisha. Watu wakamiminika uwanjani, nikakumbatiana na watu nisiowajua.

Kesho yake mdogo wangu akapiga. "Kaka, Mama yuko nyumbani, anaendelea vizuri." Anaendelea vizuri kutoka wapi? Ndiyo akaniambia. Presha ilipanda Ijumaa, akalazwa hospitali usiku mbili. Yeye kafunga duka, kamwita Mama mdogo akae naye, dawa kalipia kwa pesa ya mauzo. Wakati mi naruka uwanjani, Mama yangu alikuwa kitandani.

Nilifoka. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama akachukua simu: "Mwanangu, ungefanya nini? Ungekosa usingizi tu, na mtihani unao." Sikuwa na jibu.

Timu ile ilimaliza bila kupoteza mechi hata moja, 15 kwa 15, ikatwaa ubingwa wa taifa Januari 2024. Hakuna timu ya daraja lake iliyoruhusu pointi chache kwa wastani wa kila mechi kuliko yao msimu ule. Lakini jambo lililobaki kichwani mwangu ni dogo: kocha alikatazwa siku za mechi tu. Siku za mazoezi alikuwa nao. Kwa hiyo Jumamosi walikuwa wanafanya wanachokijua, na hakuna wa kuwapigia kelele pembeni.

Mi nilikuwa kinyume chake. Katikati ya wiki sipo, Jumamosi kelele.

Siku hizi napiga Jumatano. Naanza na Mama, namaliza na Mama. Daftari siulizi, akitaka ushauri ananiuliza mwenyewe, na anauliza mara nyingi kuliko zamani. Tulikubaliana jambo moja: duka ni lake, ila Mama akiugua anipigie hata iwe saa tisa usiku. Hilo sijaliachia, na sidhani kama nitaliachia.

Haya, narudi maktaba. Na nyinyi mlioko mbali, leo mmepiga nyumbani?