Kwa Karisa, juu ya Vita na Unabii

Port Reitz, Mombasa

Mpwa wangu mpendwa Karisa,

Miguu ya mama yako imepungua kuvimba, lakini hasikii akiambiwa apumzike. Saa kumi alfajiri yuko jikoni anakanda unga wa mahamri, na kabla jua halijachomoza ameshafika kibandani. Nyanya anakusalimu sana, na anauliza kama unakula vizuri.

Mama yako ameniletea simu yake nione ile video uliyomtumia, na yeye ndiye wa kwanza kuisoma barua hii. Ukitaka kuwasomea wenzako wa chumbani, wasomee.

Nimeitazama video mpaka mwisho. Ramani ya Mashariki ya Kati imejaa mishale myekundu, na mhubiri anaonyesha kwa fimbo: huyu ndiye Gogu wa Ezekieli 38, na hawa ndio Uajemi. Kila kombora lililokosa shabaha, kwake ni ushahidi kwamba Mungu amechagua upande. Chini yake umeandika kwamba huoni haja ya kufanya mtihani, kwa kuwa mwaka hautaisha, na kwamba karo iliyobaki ni afadhali iwe sadaka. Mama yako hakusema neno. Alikaa tu, simu mapajani.

Mjomba, sikukatazi kuamini kwamba Mungu anaweza kuingilia vita. Mimi mwenyewe naamini. Usiku ule jeshi la Senakeribu lilipoanguka nje ya Yerusalemu, kwangu si hadithi. Nataka tu nikueleze jambo lililotokea hapa hapa mlangoni kwetu, wewe hujazaliwa.

Tarehe 28 Novemba 2002, siku ya Alhamisi, ndege ya shirika la Arkia iliondoka uwanja wetu wa Moi kwenda Tel Aviv. Unaujua uwanja ule; ndege zikipita juu ya bati letu hata mazungumzo hukatika. Ilipokuwa inapaa, watu waliokuwa wamejificha huku chini waliirushia makombora mawili. Yote mawili yakaikosa. Ndani mlikuwa na abiria zaidi ya 250, na wote walifika kwao salama.

Jumapili iliyofuata nilikuwa ibadani. Mhubiri mgeni alisimama akatangaza kwamba malaika waliifunika ndege ya Israeli kwa mabawa, na kwamba unabii unatimia machoni petu. Watu walipiga makofi, wengine wakalia kwa furaha. Nami nilimshukuru Mungu kwa roho zile zilizookoka, na mpaka leo namshukuru.

Lakini asubuhi ile ile, Karisa, gari lililojaa mabomu liligonga hoteli ya Paradise kule Kikambala. Wageni kutoka Israeli walikuwa wanafika, na wachezaji ngoma wa Kigiriama wamesimama mlangoni kuwapokea. Wakenya 10 walikufa, baadhi yao wachezaji wale, watu wa damu yetu waliotoka nyumbani kutafuta riziki ya siku. Waisraeli 3 walikufa pia, na wawili kati yao walikuwa watoto. Mhubiri hakuitaja Kikambala hata mara moja.

Wiki ile nilikwenda matangani na marehemu babu yako. Tukiwa tumekaa mkekani, mtu mmoja akainama akamnong'oneza mwenzake kwamba wafu wale wameadhibiwa kwa kucheza ngoma za kipagani. Nilimsikia kwa masikio yangu, na wenye msiba walikuwa hatua chache tu kutoka pale. Babu yako aliinuka akaenda kukaa kwingine. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Jambo hilo halijanitoka moyoni. Ukishaamua kwamba unajua Mungu alimkinga nani, utatakiwa pia ueleze kwa nini hakumkinga mwingine. Na kwa kuwa huna jibu, utamtwika maiti lawama.

Haya si ya kwetu tu. Uganda, mwaka 1986, Alice Auma aliyejulikana kama Lakwena alikusanya maelfu ya vijana, wengine rika lako. Walipakwa mafuta, wakaambiwa risasi hazitawapata na mawe watakayorusha yatalipuka kama mabomu. Waliingia vitani wima wakiimba nyimbo za dini, wamekatazwa kujikinga hata nyuma ya mti. Walishinda mara kadhaa mwanzoni, na ushindi huo ndio uliowapofusha. Aliyepigwa risasi alisemwa kuwa alivunja amri, hakuwa safi. Hivyo unabii haukukosea kamwe. Waliokosea ni wafu. Walifika karibu na Jinja, na huko wakasambaratishwa mwishoni mwa 1987. Alice alikimbilia Kenya, akaishi katika kambi ya wakimbizi Dadaab hadi alipofariki Januari 2007. Vijana wale hawakupata miaka hiyo 20.

Nasi Pwani tumeona Shakahola mwaka 2023, watu waliofunga hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla dunia haijaisha. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Sihitaji kukueleza mengi. Wewe ndiye uliyenisomea magazeti wakati ule.

Sasa fungua Biblia yako, ile niliyokununulia, si simu. Soma Yoshua 5. Yoshua anamkuta mtu mwenye upanga mkononi, anamuuliza kama yuko upande wao au wa adui, na yule mtu anakataa kuwekwa upande wowote. Kisha nenda Samweli wa Kwanza, sura ya 4. Israeli wanalichukua sanduku la agano vitani wakidhani sasa hawashindiki. Wanauawa askari 30,000, na sanduku linatekwa.

Baada ya hapo tulia na Yeremia 28 na 29, maana hapo ndipo penye jambo lako. Hanania aliwapa watu tarehe: miaka miwili tu, na nira ya Babeli itavunjika. Walimpenda kwa hilo. Yeremia alimwambia wazi kwamba Bwana hakumtuma, na mwaka ule ule Hanania akafa. Kisha Yeremia akawaandikia waliohamishwa Babeli, watu waliokuwa wanangoja mambo yaishe kesho, na aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, na wauombee amani mji ule ule wa adui. Huyo ndiye nabii wa kweli, mjomba. Hakuwaambia waache kazi.

Huyo mhubiri wako, Israeli na Iran zilipopigana siku 12 mwezi Juni 2025, alisema huo ndio mwisho. Vita vikasimama, naye akapanga tarehe nyingine. Kumbukumbu la Torati 18 imeeleza la kufanya na nabii ambaye neno lake halikutimia: usimwogope. Na watu wanaokufa chini ya mishale ile myekundu, wa pande zote, wana mama zao. Waombee wote.

Kwa hiyo nasema kama mjomba wako, na katika hili sikubembelezi: mtihani utaufanya, na shilingi ya mama yako haitakwenda kwa mtu anayeuza tarehe. Ukiisha kufaulu, hubiri ukitaka, nami nitakaa kiti cha mbele nikusikilize. Karo iliyobaki nimeilipa leo moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Mpigie mama yako leo jioni, umwambie mwenyewe kwamba utaingia chumba cha mtihani.

Mjomba wako akupendaye