Mlango wa Mnara, Bagamoyo

Likizo hii tuliteremka kutoka baridi ya Igowole hadi Bagamoyo, mji mkongwe ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza utume mwaka 1868. Joto lilitulemea, makoti ya Mufindi tuliyabeba mikononi. Tukasimama kwenye mnara wa kanisa la zamani, ulipolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar na kusafirishwa London.

Mmoja wetu akauliza: walioubeba ni akina nani? Swali lilitunyamazisha. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakautembeza miezi mingi hadi pwani. Hapo wakalipwa ujira, wakaambiwa waende zao. Kati yao wote, Jacob Wainwright pekee ndiye aliyehudhuria maziko Westminster, 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza maziko yamekwisha.

Tulipoelekea kituo cha basi, mzee wetu mmoja, ambaye babu yake alikuwa mpagazi katika vita vya 1914, alirudi peke yake mlangoni pa mnara, akavua kofia. Tulimsubiri.